Chembe Zing'arishwazo: Damu, Mwanga na Lugha ya Maabara katika Mkoa wa Singida

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mgonjwa wa homa aliyepimwa damu katika zahanati za Singida, kama kwingineko Tanzania, alirudi nyumbani na hesabu. Aliambiwa kuwa ana wadudu wawili, au watatu, au wanne, naye akawaeleza jirani zake hivyo hivyo: "Nimekutwa na malaria nne." Mtaalamu wa maabara alijua kwamba hesabu hiyo ilikuwa mkato tu wa jambo refu zaidi lililoonekana chini ya hadubini. Mgonjwa aliichukua kama ilivyo. Wadudu wanne walikuwa wengi kuliko wawili, na homa ya wanne ilistahili huruma zaidi.

Kuanzia mwaka 2009 na miaka iliyofuata, vipimo vya haraka vya malaria vilisambazwa nchini, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Hesabu ikatoweka. Mahali pake ukaja mstari. Mstari mmoja ni hasi, miwili ni chanya, na kipimo kisichoonyesha mstari wa uthibitisho hutupwa. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo wahudumu wengi wa afya wanalifahamu: mgonjwa huonyeshwa mistari miwili, huitazama, kisha huuliza, "Sasa ni wangapi?"

Mhadhara huu unahusu swali hilo na mengine yanayofanana nalo. Sayansi ya kugundua molekuli za uhai katika damu imepiga hatua nyingine baada ya ile ya mstari. Katika hatua hiyo chembe ndogo mno, ambazo hutoa mwanga zinapomulikwa, hushika molekuli inayotafutwa, na mashine hupima mwanga huo na kutoa namba. Kwa hiyo hesabu inarudi. Lakini namba hiyo si hesabu ya wadudu, na Kiswahili kinachohitajika kuieleza bado hakijakaa sawa. Suala hili ni la wanasayansi, na ni la wanaisimu pia, kwa kuwa anayeombwa kutoa damu anaombwa kwa maneno.

2.0 Dhahabu iliyokuwamo zahanati

Inafaa kuanza na jambo lisilosemwa mara nyingi. Neno "nanoteknolojia" lilipoanza kusikika katika magazeti na mihadhara, lilipokewa kama habari ya nchi za mbali. Wakati huohuo nanochembe zilikuwa tayari zimefika katika zahanati za Iramba na Manyoni, ndani ya pakiti ndogo ya plastiki. Rangi nyekundu ya mstari wa kipimo cha haraka cha malaria hutokana, katika aina nyingi za vipimo hivyo, na chembe za dhahabu zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita. Dhahabu iliyosagika kufikia udogo huo haiwi ya manjano, bali huwa nyekundu kama divai. Michael Faraday alilieleza jambo hilo London mwaka 1857, alipoonyesha kwamba wekundu wa vimiminika vyake ulitoka kwenye dhahabu yenyewe iliyotawanyika katika vipande visivyoonekana kwa macho.

Kila chembe ya dhahabu hufunikwa kwa kingamwili, yaani protini inayotambua protini nyingine moja tu na kuishika. Tone la damu likidondoshwa na kufuatiwa na kimiminika cha kusukumia, damu husafiri katika karatasi. Ikiwa ndani yake imo protini inayotolewa na kimelea cha malaria, chembe za dhahabu huishika na kwenda nayo hadi kwenye mstari, ambako kingamwili nyingine zilizopandwa huidaka. Dhahabu hulundikana hapo, na mstari huonekana.

Kwa mtu wa Singida dhahabu si neno geni. Mgodi wa Sekenke wilayani Iramba ulichimbwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika kupiga sarafu ya rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, nchi ilipokuwa imezingirwa na fedha kuadimika. Hata hivyo, mgonjwa wa Shelui au Kiomboi haelezwi kwamba mstari anaoutazama ni dhahabu. Huenda ni busara kutomweleza, kwa kuwa vipimo vilivyotumika vingeanza kuchokorwa kwenye majalala.

3.0 Mzigo wa neno "chembe"

Istilahi ya kwanza inayohitaji kuchunguzwa ni ile inayoonekana kuwa nyepesi kuliko zote. "Chembe" ni neno la kale na la nyumbani. Kuna chembe ya mtama, chembe ya mchanga, chembe ya ukweli na chembe ya moyo. Sayansi ilipokuja kulitumia, ililitwisha mizigo mingi kwa wakati mmoja. Seli nyekundu za damu huitwa chembe nyekundu, na zile za kinga huitwa chembe nyeupe. Vinasaba viliwahi kuitwa chembe za urithi. Katika fizikia, atomu na elektroni ni chembe. Sasa zimeongezeka nanochembe.

Tatizo ni ukubwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zipatazo 7,000. Chembe ing'aayo inayotumika katika baadhi ya vipimo ina nanomita 4 au 5. Kama chembe nyekundu moja ingetandazwa ikawa na urefu wa uwanja wa mpira wa mita 100, chembe ya nanomita 4 ingekuwa na ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji lililoachwa kwenye nyasi. Lugha inayoita uwanja na yai kwa jina moja haijakosea, kwa sababu lugha zote hufanya hivyo. Ila sentensi hii itazamwe: "Molekuli zitagunduliwa kwa chembe zinazong'aa katika damu." Msikilizaji ambaye neno chembe humkumbusha chembe zake nyekundu ataelewa kwamba damu yake yenyewe ina kitu kinachong'aa. Mwingine, kwa kuwa "katika damu" inaweza kufungamana na "zitagunduliwa" au na "zinazong'aa", ataelewa kwamba vitu ving'aavyo vitatiwa mwilini mwake. Wa tatu ataelewa kilichokusudiwa. Sentensi moja ina tafsiri tatu, na kati ya hizo ni moja tu iliyo salama.

Sehemu ya pili ya neno, yaani "nano", haina madhara makubwa. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mbilikimo, na lilirasimishwa kuwa kiambishi cha vipimo vya kimataifa mwaka 1960. Katika sikio la Mswahili limekaa kati ya "tano" na "nane" kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha watu wawili wanaofahamiana. Halina maana ya Kiswahili, na kwa sababu hiyohiyo halipotoshi.

Ikumbukwe kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1990. Chembe za aina hii zilianza kutumika kutia alama katika viumbe hai mwaka 1998, pale makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalipochapisha matokeo yao kwa wakati mmoja. Wanakamusi wa 1990 hawawezi kulaumiwa kwa kutolitaja jambo ambalo halijakuwapo. Wa leo hawana udhuru huo, hasa baada ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 kutolewa kwa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov kwa kazi yao juu ya nukta za kwanta, ambazo ndizo mfano mashuhuri wa chembe hizo. Nukta hizo zina sifa inayoshangaza: kiini cha kemikali ni kilekile, lakini ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa kidogo hutoa mwekundu. Rangi hutokana na ukubwa. Mwalimu wa sekondari aliyezoea kufundisha kwamba rangi ni tabia ya dutu atalazimika kusimama hapo kwa muda.

4.0 Mwanga unaosubiri mwanga

Dhana ngumu zaidi ni ile ya mng'aro wenyewe. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, mwanahisabati wa Cambridge, alihitaji jina la tabia ya baadhi ya vitu kupokea mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. Alilitoa kwenye jina la jiwe, fluoriti, ambalo baadhi ya sampuli zake hung'aa namna hiyo. Jiwe hilo nalo lilipata jina kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutiririka, kwa sababu wafua vyuma walilitumia kurahisisha kuyeyuka kwa madini. Hivyo basi istilahi ya kimataifa haina neno "mwanga" ndani yake. Imebeba jiwe na mtiririko.

Njia ya mkato ni kulitohoa: floresensi. Katika vitabu vya chuo kikuu haitakuwa na tatizo. Katika Singida lipo tatizo ambalo mtunga istilahi aliyeketi Dar es Salaam huenda asilifikirie. Mkoa huo ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambazo maji yake ya ardhini yana floraidi nyingi, na watu waliokua wakinywa maji ya visima vya namna hiyo hutambulika kwa meno yenye rangi ya kahawia. Neno "floraidi" limekwisha kufika vijijini kupitia miradi ya maji, nalo limefika likiwa na maana ya kitu kinachoharibu. Mtu akiambiwa kwamba damu yake itachunguzwa kwa "chembe za floresensi" atalisikia neno analolijua. Uhusiano wa maneno hayo mawili ni wa kihistoria tu, lakini sikio halisomi historia.

Njia ya pili ni kutafuta neno la asili. Kiswahili kina utajiri hapa: kung'aa, kumeta, kumetameta, kumemeteka, kumulika, kuangaza, kunawiri. Kipo pia kimulimuli, mdudu wa usiku ambaye wengine humwita kimetameta. Mara moja mtu atashawishika kumfanya kimulimuli awe mfano wa chembe hizo, na ni mfano unaopendeza. Kwa bahati mbaya si sahihi. Kimulimuli hujitengenezea mwanga kwa kemia ya mwili wake, gizani, bila kumulikwa na yeyote. Chembe zinazozungumziwa hazina mwanga wa kwao, na taa ikizimwa nazo huzimika. Mwezi nao haufai kuwa mfano, kwa kuwa hurudisha mwanga wa jua kwa rangi ileile, na hilo Kiswahili kinaliita kuakisi.

Mfano ulio sahihi umo madukani na nyumbani. Taa ndefu ya tyubu ina mvuke wa zebaki ndani yake. Mvuke huo hutoa mwanga wa urujuanimno usioonekana, nao unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huupokea na kutoa mwanga mweupe. Karani wa benki anayeweka noti chini ya taa ya zambarau na kuona nyuzi zikiwaka huona jambo lilelile. Wakazi wa mji wa Singida wana mfano huo karibu nao, hata kama hawajauitia jina.

Njia ya tatu ni kutumia "mionzi", neno ambalo wahudumu wengine hulikimbilia kwa sababu linasikika kitaalamu. Hili likataliwe moja kwa moja. Mionzi katika Kiswahili cha watu ni eksirei, ni matibabu ya saratani, na kwa watu wa Manyoni na Bahi ni urani iliyokuwa ikitafutwa katika maeneo yao katika miaka ya 2000. Kusema kwamba damu itapimwa kwa chembe za mionzi ni kusema uongo, na ni uongo unaotisha.

Sarufi inatoa msaada ambao msamiati unashindwa kuutoa. Kitenzi "kung'aa" hakihitaji mtenda mwingine: jua hung'aa, kimulimuli hung'aa. Kikinyambuliwa kuwa "kung'arisha" hupata mtenda, na kikiongezwa kauli ya kutendwa huwa "kung'arishwa". Chembe hizi hazing'ai, bali hung'arishwa. Kiambishi kimoja kinaeleza fizikia ambayo jina la Stokes halikuieleza, yaani kwamba lazima kiwepo kitu cha kuzifanya zing'ae. Ni kweli kwamba viatu navyo hung'arishwa, lakini viatu havitawachanganya watu mbele ya mashine ya maabara. Kwa hiyo pendekezo la mhadhara huu ni kutumia "chembe zinazong'arishwa" kwa wasomaji wa kawaida, na "mng'arisho" kwa wale wanaohitaji nomino. "Chembenuru" ni neno zuri la kutazama, ila litamtuma msomaji kwenye "mnururisho", nao ni jina la ileile mionzi iliyokataliwa hapo juu.

5.0 Mfano wa Mwanza

Mfano halisi wa teknolojia hii ulio jirani na Singida uko Mwanza, nao unahusu kichocho. Ugonjwa huo husababishwa na minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike wakiwa wameshikamana. Kipimo cha kawaida cha kichocho cha tumbo hutafuta mayai katika choo: miligramu 41.7 za choo huwekwa kwenye kioo na mayai huhesabiwa kwa hadubini. Minyoo ikiwa michache, au mayai yakinasa katika tishu za mwili, hesabu huwa sifuri ilhali mtu ni mgonjwa.

Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichukua njia nyingine. Mnyoo hai hutapika ndani ya damu dutu kutoka katika utumbo wake. Wao wakatengeneza utepe unaofanana na ule wa malaria, ila mahali pa dhahabu wakatia chembe za kauri zenye elementi adimu, na mwaka 2008 walichapisha maelezo ya kipimo hicho. Baadaye kilitumika katika tafiti zilizofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, pamoja na washirika wake, miongoni mwa wakazi wa vijiji vya Kanda ya Ziwa.

Uzuri wa chembe hizo umo katika tabia moja inayostahili kuelezwa kwa utaratibu. Ukiimulika damu kwa mwanga wa buluu au wa urujuanimno, damu yenyewe hung'aa kidogo. Karatasi ya kipimo hung'aa, na plastiki nayo hung'aa. Kutafuta mng'aro mdogo wa chembe katikati ya mng'aro huo wote ni kama kumsikiliza mnong'onaji katika mnada wa ng'ombe. Chembe za Leiden hufanya kinyume cha mambo. Humulikwa kwa mwanga wa infraredi, ambao una nguvu ndogo na hauonekani, nazo hutoa mwanga wa kijani, ambao una nguvu zaidi. Mtu atauliza nguvu hiyo ya ziada imetoka wapi. Jibu linaweza kutolewa kwa vipimo vya sokoni: chembe hupokea kibaba cha kwanza cha mwanga na kukishikilia, hupokea cha pili, kisha huvimwaga vyote kwa pamoja kama kisaga kimoja pungufu kidogo. Damu haina uwezo huo, wala karatasi, wala plastiki. Kwa hiyo kila mwanga wa kijani unaoonekana umetoka kwenye chembe, na chembe imeshika alichokitoa mnyoo.

Matokeo hutolewa kwa pikogramu katika mililita, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Hesabu imerudi, naye mgonjwa akiuliza "Ni wangapi?" atapewa namba. Lakini namba hiyo inahesabu nini?

Maelezo ya kawaida ya neno "antijeni" kwa wasio wataalamu ni kwamba ni alama au nyayo za mdudu. Mfano wa nyayo ni mzuri, na katika wilaya ya Mkalama, ambako Wahadzabe bado husoma nyayo kwa ustadi usio na mfano, hauhitaji ufafanuzi. Hata hivyo, nyayo hubaki baada ya mnyama kuondoka. Ndivyo ilivyo kwa protini ya malaria inayotafutwa na kipimo cha haraka: huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuuawa na dawa, na mgonjwa aliyepona akaonekana bado ni mgonjwa. Kwake mfano wa nyayo ni sahihi kabisa. Dutu ya mnyoo wa kichocho haiko hivyo. Minyoo ikifa, nayo hupungua katika damu ndani ya muda mfupi. Hiyo inafanana zaidi na moshi wa jiko, kwani moto ukizimwa moshi haukawii kwisha, na moshi mwingi ni ishara ya moto mkubwa ingawa hakuna ahesabuye kuni kwa kutazama moshi. Mhudumu anayetumia mfano wa nyayo kwa magonjwa yote mawili atakuwa amefundisha kosa katika moja.

6.0 Kutoa, kutolewa, kunyonywa

Hadi hapa suala limekuwa la usahihi. Lipo na suala la usalama.

Mwezi Oktoba mwaka 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma, ambao umepakana na Singida, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao waliuawa na wananchi. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Hawakuwa wakichukua damu ya mtu yeyote. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo.

Hofu hiyo ina historia ndefu, nayo imeandikwa, hasa katika kitabu cha Luise White cha mwaka 2000 juu ya uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati wakati wa ukoloni. Neno lenyewe, mumiani, lilitoka Uajemi likiwa jina la dawa nyeusi kama lami. Likaja kumaanisha dawa iliyosemekana kutengenezwa kwa damu ya binadamu, na mwishowe mtu anayeitafuta damu hiyo. Ni kosa kuuita uvumi huo ujinga na kuishia hapo. Watu waliona mgeni mwenye gari, chupa na vifaa, akichukua kitu katika ardhi yao na kuondoka nacho, na neno walilopewa lilikuwa "sampuli". Kwa asiyelijua, neno hilo halisemi ni kitu gani kinachochukuliwa, kiasi gani, wala kinapelekwa wapi.

Vitenzi vinavyoambatana na damu katika Kiswahili vimejipanga kama ngazi. Mtu "hutoa" damu, naye ndiye mtenda. "Hutolewa" damu, na mtenda ni mwingine, ingawa ridhaa haijakanushwa. "Huchukuliwa" damu, na ridhaa haijulikani. "Hunyonywa" damu, na ridhaa haipo. Fomu za ridhaa za utafiti wa afya, ambazo taratibu za maadili nchini hutaka ziandikwe kwa Kiswahili, mara nyingi huanza kwa "utatoa" katika aya ya kwanza na kushuka hadi "sampuli zitachukuliwa" katika aya ya tatu, pengine kwa sababu zimetafsiriwa kutoka Kiingereza na mfasiri hakuona tofauti. Mwanakijiji huiona.

Aidha, huko Singida fomu haiishii katika Kiswahili. Kwa wazee wengi wa Kinyaturu, Kinyiramba na Kiisanzu, Kiswahili ni lugha ya pili, na lugha zao ni za Kibantu kama kilivyo Kiswahili chenyewe. Kwa Wadatooga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti, na kwa Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana, umbali ni mkubwa zaidi. Mhudumu wa afya wa kijiji huisoma fomu kimoyomoyo na kuisema kwa lugha ya hapo. Anachokisema hakiandikwi popote, na hakuna kamati inayokikagua. Hii ndiyo sababu kubwa ya kupendelea vitenzi vya kawaida kuliko istilahi za kuunda. "Chembenuru" haitafsiriki, kwa hiyo itasemwa kama ilivyo na kuachwa ielee. "Inang'arishwa na taa" hutafsirika kwa lugha yoyote iliyo na kitenzi cha kung'aa.

Kwa mfano tu, zilinganishwe sentensi mbili zilizoundwa kwa ajili ya mhadhara huu. Ya kwanza: "Damu yako itachunguzwa kwa kutumia nanochembe za kifloresensi ili kubaini molekuli za kibiolojia zilizomo." Ni sahihi katika kila neno, na haifai kwa mtu yeyote nje ya chumba cha mitihani. Ya pili: "Utatoa matone mawili ya damu kutoka kidoleni. Yatawekwa kwenye karatasi ya kipimo yenye rangi maalumu. Rangi hiyo hung'arishwa na taa ya mashine ikiwa damu ina kitu kinachotolewa na minyoo hai. Rangi haiingii mwilini mwako."

Wanasayansi watapinga neno "rangi", kwa kuwa linaficha kwamba ni chembe. Upinzani huo una haki darasani, ambako mwanafunzi lazima ajue ni chembe, ukubwa wake ni upi na kwa nini ukubwa ni muhimu. Mwenye kidole kilichochomwa anahitaji kujua mambo mengine. "Unga" ungekaribia ukweli zaidi kuliko "rangi", kama neno hilo lisingekuwa mjini jina la dawa za kulevya. Sentensi ya mwisho kati ya hizo nne ndiyo isiyopaswa kuachwa kamwe. Baadhi ya nukta za kwanta zina kadimi, ambayo ni sumu, na hazipaswi kuingia mwilini. Mpimwaji ana haki ya kuambiwa kwamba kila kitu kinafanyika nje ya mwili wake.

Linabaki swali la mahali. Mashine kubwa ya kusoma mng'arisho ikiwa Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, fomu lazima iseme "damu yako itahifadhiwa na kusafirishwa", na hakuna mnyambuliko wa kitenzi utakaoyalainisha maneno hayo mbele ya mzee anayekumbuka habari za mumiani. Sampuli ikivuka mipaka ya nchi huhitaji mkataba, na mkataba huo nao unapaswa kuelezwa. Visomaji vidogo, vya ukubwa wa kubebeka mkononi, vimekwisha kutengenezwa kwa aina kadhaa za vipimo vya mng'arisho. Pale kisomaji cha namna hiyo kinapoweza kuwekwa juu ya meza ya zahanati, sentensi nzima hubadilika. Haitakuwa tena "itasafirishwa", bali "itasomwa hapa hapa, nawe ukiwapo, na karatasi itateketezwa mbele yako."